Chai Ilikuwa Imepoa

Kliniki, Nyeri mjini
Alhamisi, saa tisa alasiri

Mwanangu Muthoni, mama yangu,

Mama yako ameshakuambia habari za sweta, za kuchemsha maji ya kunywa, na za wanaume wanaojifanya wema uwanja wa ndege, na najua kabla ya kesho kupambazuka atakuambia tena. Hapo sina la kuongeza. India sijafika, na hata Nairobi mimi hupotea nikivuka barabara mbili. Tena wewe unanishinda akili. Hilo nililijua ulipokuwa na miaka tisa, ukaniambia mbele ya wagonjwa kwamba koleo nililoshika si la jino lile. Nilikufinya sikio, kisha nikabadilisha koleo.

Nataka kukuandikia jambo moja tu, na jambo hilo lina siku yake. Ni keshokutwa, Jumamosi, alfajiri. Kuna kijana wa miaka kumi na mitatu kule Wamagana ambaye asubuhi hiyo atatahiriwa, na akitahiriwa anaweza kuvuja damu mpaka afe. Nimelijua jambo hilo tangu kabla hajazaliwa. Kama watu wa kwao hawakujua miaka yote hii, mwenye makosa ni mimi, huyu huyu ambaye jina lake liko kwenye kibao hapo nje, na ambaye unakwenda kusoma ili uje ukalie kiti chake.

Kijana mwenyewe umemwona. Ilikuwa Julai, ulipokuwa unangojea barua ya India, ukawa unatusaidia Siku ya Meno katika shule za Tetu. Mama yako alikuwa amesimama mbele ya watoto na lile taya lake la mbao na mswaki mkubwa kama ufagio, anawaimbisha juu chini, juu chini. Wewe ulikuwa chini ya ule mti wa mgrevilea unawakwangua ukoga wale wa darasa la saba. Mmoja wao ukamgusa ufizi kidogo. Ukampa pamba, ukaita mwingine. Baada ya watoto kumi ukageuka, ukamwona bado anatema.

"Baba, mbona damu ya huyu haisimami?"

"Ni jua," nilikuambia. "Mpeleke kivulini."

Mlikuwa kivulini tayari. Uliniangalia, ukaangalia juu kwenye matawi. Uliketi na yule mtoto ukimshikia pamba mpaka chakula cha mchana kikapita. Jioni tukifunga masanduku uliniambia, "Baba, jua halifanyi hivyo." Nikasema tumechelewa.

Nilikuwa nimeshamuuliza jina. Aliniambia anaitwa Ndirangu. Nikamuuliza mama yake ni nani, akasema Wanjiru. Nikamuuliza jina amepewa la nani.

"Ya mjomba," akasema. "Alikufa kitambo, akiwa kijana mdogo. Mimi simjui."

Mimi namjua. Nilimuua.

Desturi yetu unaijua. Wewe ndiye binti yangu wa kwanza, ukapewa jina la mama yangu, na ndiyo maana nikikugombeza huwa nahisi namkosea adabu mtu mkubwa. Kwa wavulana, wa kwanza huenda kwa baba ya baba, wa pili kwa baba ya mama, na wa tatu ndiye anayeweza kufika kwa mjomba. Wanjiru alimpa mwanawe wa tatu jina la ndugu yake ili ndugu yake arudi nyumbani. Nadhani hakujua kwamba angerudi na damu yake pia.

Ngoja nikueleze kutoka mwanzo, na nisipojisifu mahali popote, ujue nimejikaza.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na wewe ulikuwa tumboni. Mzungu ambaye nilianza kwake kwa kuosha vyombo, kisha kwa kukoroga dawa ya kuziba, kisha kwa kung'oa siku alizokwenda kuvua samaki mtoni, alikuwa amefunga virago akaenda kwao. Aliniachia kiti, mashine ya kutoboa meno ya kukanyaga kwa mguu, na rafu ya vitabu. Cheti changu kiliniruhusu kung'oa na kuziba. Nilikuwa na miezi minane tu kwenye kliniki hii, na watu walikuja kutoka Tetu na Othaya kwa miguu, wengine bila jino bovu hata moja, waone kama ni kweli mtu mweusi anaweza kumdunga mtu ganzi asife. Walipoona kwamba ninaweza, wakanipa jina. Waliniita Mkono Mwepesi. Ulikuwa ukifungua mdomo useme "aa", kabla hujamaliza jino liko kwenye beseni. Siku za soko niling'oa mpaka kidole gumba kikawa hakina hisia, na foleni nje ilikuwa inahesabu kwa sauti na kupiga makofi. Niliyapenda makofi yale kuliko inavyompasa mtu anayefanya kazi ndani ya midomo ya watu.

Siku moja ya soko aliingia msichana wa miaka kumi na sita amemshika mkono ndugu yake wa kumi na miwili. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba, gego la chini limeoza mpaka kwenye mzizi. Nikamkalisha. Msichana hakutoka.

"Daktari," akasema, "huyu akikatwa hata na kitu kidogo, damu hakuna kusimama. Mwaka jana alijikata na panga, tulikaa na yeye siku nne."

Watu waliosimama mlangoni wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Ati msichana amekuja kufundisha daktari kazi!" Nami nikacheka, Muthoni. Nilicheka kwa sababu walikuwa wanaangalia.

"Wewe ni dresa wa hospitali?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi shika mkono yake. Mdomo niachie mimi."

Nimeyasema maneno mengi ya kijinga maishani, na mama yako anaweza kukutajia yote kwa mpangilio. Lakini hayo ndiyo ningeyanunua yarudi, kwa chochote nilicho nacho. Yule msichana alikuwa amenipa, bure, kitu ambacho hakuna shule ingenipa. Alikuwa amekaa siku nne na damu ya ndugu yake. Mimi nilikuwa nimekaa naye dakika moja.

Niling'oa. Mkono ulikuwa mwepesi kama kawaida. Nikamwekea pamba, nikasema auume, nikasema, "Anayefuata." Walikaa nje kwenye benchi. Saa tisa yule msichana akachungulia, akasema, "Bado." Nikabadilisha pamba. Saa kumi na moja akachungulia tena, "Bado." Nikamwambia damu ikichanganyika na mate huonekana nyingi, waende nyumbani mtoto alale. Wakatembea mpaka Wamagana.

Siku ya pili baba yao alimleta amempakia kwenye baiskeli. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka. Nikamshona, nikamjaza pamba mpya, na damu ikapita katikati ya nyuzi zangu taratibu bila wasiwasi, kana kwamba ina kwake inakokwenda. Nisikilize hapa vizuri. Hospitali haikuwa mbali, tulikuwa tunaiona. Kule walikuwa na damu ya kuongeza. Nilisimama mlangoni nikaitazama ile barabara ya kupanda, na nilijua. Kisha nikafikiria watakavyosema: miezi minane tu, na ameshatuletea mtoto wa kufa. Nikafikiria cheti changu. Nikamwambia baba yake ampeleke nyumbani, ampe maji, aniletee tena kesho.

Hakuletwa tena. Alikufa kabla jua halijatoka.

Nilikwenda matangani. Watu walinisifu kwa hilo, daktari mzima kuja na viatu vyake kwenye matope. Tulipokwisha kuomba, baba yake aliniuliza, wala hakuwa na hasira, "Daktari, ni nini ilifanyika?" Mdomo wangu ukafunguka, na nakuapia sikuwa nimepanga. Nilianza na swali tu. Nikauliza, "Kuna mtu alimpa kitu ya moto?"

Wanjiru alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni. "Nilimpa chai," akasema. "Lakini ilikuwa imepoa."

Nikatikisa kichwa polepole, vile nilivyomwona mzungu akitikisa. Nikasema, "Nilimwambia dada yake asimpe kitu cha moto. Moto hufungua kidonda."

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimesema "anayefuata". Macho ya nyumba nzima yakamgeukia yule msichana, na hakubisha. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama akijaribu kukumbuka, na nadhani kufikia jioni alikuwa amekumbuka kweli. Alinisikia nikimwonya, akaona nilivyosimama, akaniona na koleo mkononi. Nilimtengenezea kumbukumbu, naye akaishi nayo. Nilisikia baadaye kwamba nyumbani kwao hakumimina chai tena. Hata wazee walipokuja kuleta mahari yake, chai ilimiminwa na msichana wa jirani.

Wiki hiyo hiyo nilichukua vitabu vya mzungu nikaanza kusoma, kwa kamusi, neno kwa neno. Nikaupata ugonjwa. Kitabu kilisema damu ya watu wa namna hiyo haijui kuganda, kwamba wanaougua ni wavulana, na kwamba hupitia kwa mama zao na dada zao, ambao wenyewe hawaugui wala hawajui. Nikasoma mstari huo mara nyingi. Maana yake ilikuwa kwamba siku Wanjiru atakapozaa mwana, huenda nitakuwa nimeua wawili. Nikafunga kitabu nikakirudisha kwenye rafu. Ni kile cha jalada la kijani ambacho siku zote nilikuwa nakukataza kukichezea, nikasema ni cha gharama.

Umewahi kunicheka kwa maswali yangu. Ulisema, baba anahoji ukoo wa mgonjwa kama mtu anayekwenda kuposa: unavuja damu, ndugu yako je, mjomba wako je, ulipotahiriwa ulilala siku ngapi? Sasa unajua yametoka wapi. Hata Siku ya Meno imetoka hapo. Watu husema mimi na mama yako tuliona mbali, kufundisha watoto mswaki na chumvi, kuzunguka makanisani na kwenye vikundi vya akina mama, kumwambia mama mjamzito asimwache mwanawe alale na sukari mdomoni. Mama yako aliona mbali. Mimi nilikuwa nalikimbia koleo langu mwenyewe. Nilitaka watu wasioze meno ili nisiwang'oe. Kazi ilikuwa nzuri hata hivyo, na sitaki uidharau kwa sababu yangu. Watoto wa Tetu wana meno mengi kuliko baba zao, na wewe umesaidia.

Ila nikuambie kitu kuhusu kutenda mema juu ya uongo. Kila mwaka uliopita, nilizidi kuwa mtu mzuri machoni pa watu, na kila nilivyozidi kuwa mzuri ndivyo kwenda Wamagana kulivyozidi kuwa ghali. Mwaka wa kwanza ningepoteza kliniki ya miezi minane. Leo ningepoteza jina, na la mama yako, na lako. Nilikuwa nikisubiri siku itakayokuwa rahisi. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua, nami nilikuwa naficha maradhi ya mtu mwingine.

Mwana wa kwanza wa Wanjiru alitahiriwa, nikasikia amepona. Wa pili naye akapona. Siku hiyo nilimnunulia mama yako kitambaa cha gauni bila sababu yoyote, akaniuliza nimefanya nini. Nikadhani yamekwisha. Ugonjwa ule hauna haraka, unaweza kuruka wawili ukampata wa tatu. Kisha ikaja Julai, na wewe ukaniuliza mbona damu ya huyu haisimami.

Tangu Julai mpaka Desemba ni miezi mitano. Sitakupa udhuru wa miezi hiyo.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilikwenda. Mume wa Wanjiru ni mkulima wa majani chai, mtu wa kazi, mtu wa haki. Alinikaribisha kwenye kiti chenye kitambaa. Chai aliileta kijana mwenyewe, Ndirangu, akainamisha kichwa kuniamkua. Goti lake moja lilikuwa limevimba, na alichechemea akirudi jikoni. Mama yake alikuwa ameketi mbali na birika. Nikasubiri kijana atoke nje, nikawaambia wote wawili kila kitu. Nilisema habari ya goti pia. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, ngoja kidogo," akasema. "Ulidanganya wakati ile, ama unadanganya saa hii?"

"Wakati ule."

"Na ukidanganya, ulikuwa umekaa namna gani?"

"Kama hivi."

"Ndiyo hiyo. Uso ni ile ile." Hakupandisha sauti. "Kaka zake wawili walipona. Goti ni ya mpira. Watu wamealikwa, mbuzi iko. Ati nimwambie kijana abaki mtoto kwa sababu ya jino ya mtu alikufa zamani?"

Wanjiru alikuwa anachambua maharagwe, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Mumewe alinisindikiza mpaka langoni kwa adabu, akanipa kabichi mbili. Ulizila Jumatatu, ukasema ni tamu.

Kutoka pale nilikwenda kwa yule atakayewatahiri vijana. Alikuwa dresa zamani. Jumamosi ana vijana tisa, katika maboma mbalimbali, asubuhi moja. Nilipomweleza alicheka, akaniambia, "Mimi nikikata, kijana hajamaliza kufunga macho, nimeshamaliza." Alikuwa anajivunia mkono wake. Lolote ambalo ningemwambia lingekuwa linanihusu mimi mwenyewe.

Mama yako anajua tangu Jumapili jioni. Ule ukimya wake wa wiki hii, uliodhani ni wa kukuaga, ulikuwa wangu.

Na leo, saa nne, Wanjiru amekuja. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka, kisha akaingia akasimama karibu na kiti, pale pale.

"Daktari, Jumapili ulisema ati hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Na mimi nakumbuka ukiniambia. Ulikuwa umesimama hapo, uko na koleo."

"Sikukuambia, Wanjiru. Nilisema 'anayefuata'. Basi."

"Kwa hivyo haikuwa chai."

"Haikuwa chai."

Hakulia. Aliomba maji, nikampa, akanywa yote akarudisha gilasi. Nilitaka anitukane. Ningeweza kubeba matusi. Akasema tu, kama mtu anayesoma hesabu ya shuleni, "Miaka kumi na tisa nimekaa nikijua ni mimi." Kisha akanionyesha meza kwa kidole. "Mzee wangu anasema maneno ya mdomo ni upepo. Lakini karatasi ikiwa na muhuri, hiyo anaogopa. Tangu wakati wa kipande cha mkoloni na wa kugawa mashamba, anaogopa muhuri. Andika hiyo yote. Weka jina yako. Na ile ya chai pia, uandike."

Nilichukua karatasi ya kliniki, ile yenye jina letu juu. Kalamu ikasimama. Nitakuambia ukweli kwa sababu leo ni siku yake: nilikufikiria wewe. Karatasi ile akiipeleka kwa chifu, au kwa wakili, au kwa wakubwa wanaotoa vyeti, hakuna kliniki. Ada yako inatoka hapa. Kiti ulichoahidiwa kiko hapa. Nilijiambia labda naweza kuandika nusu, habari ya damu tu, niache ya matangani. Wanjiru alikuwa anaitazama kalamu.

"Uko na msichana anaenda India," akasema.

"Ndiyo. Kesho."

"Mungu amfikishe."

Hakuyasema kwa kejeli. Nikaandika. Niliandika kwa Kiswahili chepesi, sentensi fupi fupi, ili asitokee mtu wa kusema hakuelewa. Nakunakilia hapa kama ilivyo, maana hutaiona:

"Mimi ndiye niliyemng'oa jino Ndirangu, ndugu ya Wanjiru. Dada yake aliniambia damu yake haisimami. Sikumsikiliza. Nilipoona anazidi, sikumpeleka hospitali, kwa sababu niliogopa kulaumiwa. Alikufa kwa kosa langu. Dada yake hakukosea. Chai ilikuwa imepoa. Niliwadanganya. Ugonjwa huu hupita kwa mama kwenda kwa mwana. Ndirangu mdogo anao. Goti lake linavimba kwa damu. Akitahiriwa nyumbani anaweza kuvuja damu mpaka afe. Apelekwe hospitali kubwa kwanza, wapime damu yake."

Nikatia sahihi, nikagonga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukushika wino vizuri. Wanjiru aliikunja akaiweka ndani ya kitambaa cha kichwa, akaondoka kwa miguu.

Sasa nizungumze nawe kuhusu wewe, kisha nikuache upange sanduku.

Sijui kama utarudi ukute kibao hapo nje. Huenda ukakuta ukuta mtupu, na mimi nalima viazi Ruring'u kwa shangazi yako, navyo hamtavila kwa sababu sijui kulima. Ada ya mwaka huu imeshalipwa yote, hilo nililifanya Jumatatu kabla ya kufanya lolote jingine, uniwie radhi kama ni ujanja. Ya mwaka ujao mama yako atatafuta njia, na ukimjua mama yako hutakuwa na hofu. Hulazimiki kurudi kwenye jina hili. Wakikuuliza huko wewe ni binti wa nani, sema unavyopenda.

Nakuombea kitu kimoja, na si utakatifu. Utakuwa na mkono mwepesi, nimeuona. Ni wangu, umeurithi, na hapo sikukuuliza. Siku itakuja, mgonjwa yuko kitini, mambo yanakwenda kombo, na mlango uko wazi, na mtu anayejua zaidi yako yuko ng'ambo ya barabara. Utaona aibu miguuni, kabisa, miguu itakuwa mizito. Nakuambia tu kwamba nilisimama hapo na najua kunavyokuwa. Muda huo si mrefu. Kwangu ulikuwa kama wa kuvuta sigara moja.

Nakupenda, mama. Sijawahi kukuambia kwa sababu kwetu baba hasemi, hununua viatu. Nimeona haya mbele yako tangu Julai, na ndiyo sababu nilikuwa mkali kuhusu tiketi na pasipoti. Nilitaka uende upesi kabla hujaniuliza tena kuhusu

Nimesimama hapo katikati ya sentensi. Nilikuwa naisoma upya ile nakala niliyokuandikia hapo juu, najisifu moyoni, naona nilivyoandika wazi, kwamba hata mtoto wa shule angeisoma bila kukwama.

Muthoni, mume wa Wanjiru hajui kusoma. Hakwenda shule. Wanjiru aliacha darasa la pili. Wale wana wawili wakubwa wako Nanyuki kwenye kiwanda cha mbao, hawafiki mpaka kesho usiku. Katika nyumba ile kuna msomaji mmoja tu, na amemaliza darasa la saba mwezi uliopita. Baba yake atarudi kutoka kwenye majani chai saa kumi na moja na nusu, atanawa mikono, ataona muhuri, na atamwita Ndirangu aje na taa, amsomee.

Sasa ni saa kumi na moja kasorobo. Nimeazima baiskeli ya fundi viatu. Njia yote ni ya kupanda, na mimi si kijana. Nitamwachia mama yako barua hii akupe. Asubuhi gari likifika kabla sijarudi, panda, usinisubiri.

Sijui kama baba yake ataamini. Sijui Jumamosi itakuwaje. Ila mtoto yule asisome maneno yangu peke yake. Na nikikuta ameshaanza, nitakaa karibu naye mpaka amalize.

Baba yako